Mwaka Niliokula Bisi Kavu

Kama umeambiwa figo zako zina matatizo na umepewa orodha ya vitu usivyotakiwa kula, keti kwanza. Usilie mbele ya nesi, ana watu wengi wanaomsubiri nje. Mimi nililia, na haikusaidia. Aliniandikia tu tarehe ya kurudi. Naandika haya kwa sababu mwaka ule nilimtafuta mtu wa kuniambia siku zinavyopita ukiwa na ugonjwa huu, nikamkosa. Jinsi figo zinavyofanya kazi sijui, na sitajifanya ninajua. Ninachokijua ni benchi, mizani, na kula peke yako.

Ugonjwa wangu ulianza kwa sifa. Nilikuwa nimepunguzwa kiwandani, kama wenzangu wengi wa Morogoro miaka ile ya ruksa, viwanda vilipokuwa vikisimama na maduka yakijaa vitu kutoka nje. Mume wangu, Baba Anjela, naye alikuwa amepunguzwa. Yeye alikaa nyumbani akingoja waitwe tena. Mimi sina subira hiyo. Nilichukua sufuria kubwa nikaanza kuuza bisi mbele ya shule ya msingi, upande wa Mazimbu tulikokuwa tukikaa. Bisi zangu zilipendwa kwa sababu sikuwa bahili. Mafuta ya kupikia, tuliyoyapangia foleni miaka mingi, sasa yalikuwa kila duka kwenye madumu ya njano, nami niliyamimina kama sina akili. Chumvi vilevile. Zile zilizobaki chini ya sufuria, zilizolowa mafuta na chumvi, sikuziuza. Nilizila mwenyewe kila jioni huku nikilamba vidole.

Masika yale nikaanza kunenepa. Mashavu yakajaa, mikono ikajaa, hata shingo ikapata mikunjo.

"Mama Anjela, biashara imekukubali!" jirani zangu waliniambia.

"Nakula jasho langu," niliwajibu kwa maringo.

Nilikuwa mwembamba tangu utoto, na mwanamke anaposifiwa mwili hakimbilii hospitali. Asubuhi macho yalikuwa hayafunguki vizuri, nikasema ni usingizi. Viatu vyangu vya mitumba vikakataa kuingia, nikasema vimesinyaa kwa mvua. Aliyenishtua ni binti yetu, Anjela, mtoto wetu wa pekee, aliyekuwa na miaka tisa. Alikuwa akinipaka mafuta miguuni, akabonyeza kwa kidole gumba karibu na kifundo, akaondoa kidole, shimo likabaki.

"Mama, mbona hairudi?"

"Itarudi," nikamwambia. Tukakaa wawili tukiitazama nyama yangu ikirudi polepole mno, na nikaogopa.

Hospitalini nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi mpaka saa nane mchana, nimeshika kichupa cha mkojo nilichokificha kwenye khanga kama mtu aliyeiba. Nesi wa kliniki ile alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya amri, miwani yake siku zote iko juu ya paji la uso. Kila aliyeingia alimsema: huyu amechelewa, yule amepoteza kadi, huyu mwingine anatembeza maradhi kwa waganga kabla ya kuja kwake. Zamu yangu ilipofika, aliuchemsha mkojo kwenye kichupa cha kioo juu ya moto mdogo, ukaganda mweupe kama ute wa yai. Hakunisema. Alitoka kumwita daktari, na kule kunyamaza kwake ndiko kulikonitisha kuliko yote niliyoambiwa baadaye.

Nililazwa wiki tatu. Nilipewa vidonge vya kutoa maji mwilini, na kweli maji yakatoka, mpaka wagonjwa wenzangu wodini wakawa wananitania kwamba nihamishie kitanda chooni. Ule mwili ulioshangiliwa ukaondoka wote. Akabaki mtu nisiyemjua, mifupa ya mabega nje, ngozi ya tumbo imelegea, nywele zinang'oka na kitana. Niliruhusiwa masika yanakwisha. Mkononi nilikuwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, maana siku hizo kila mgonjwa alijinunulia daftari lake. Ukurasa wa kwanza nesi alikuwa ameandika kwa wino mwekundu, akapiga mstari mara mbili: BILA CHUMVI. Chini yake, kwa herufi ndogo, mafuta nayo yalikuwa yamekatazwa.

Walioniambia nimenawiri sasa walinyamaza. Ilikuwa ni miaka ya ule ugonjwa uliokuwa hautajwi kwa jina, na mtu akikonda ghafla watu walikuwa wameshamjua anaumwa nini. Nilirudi na sufuria yangu pale shuleni. Wanafunzi walisimama mbali wakinitazama, kisha msichana mmoja, mteja wangu wa kila siku, akaja karibu kidogo.

"Mama amesema tusinunue kwako."

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananipa taarifa tu, ili nisiendelee kumngoja. Nikazima moto, nikabeba vitu vyangu.

Nyumbani tulizoea kula kwenye sinia moja. Ugali unakaa katikati, na mkono wa kila mtu unajua upande wake. Sasa Baba Anjela alininunulia sufuria yangu ndogo na bakuli langu. "Isije ikachanganyika," alisema, akiwa na maana ya chumvi. Alikuwa sahihi, na alifanya hivyo kwa kunijali. Lakini mtu anayepita njiani akimwona mwanamke amekaa peke yake na bakuli lake, na wenzake wako kwenye sinia, hawazii chumvi. Siku moja nikamwona Anjela anaosha kikombe changu mbali na vingine.

"Nani amekuambia ukioshe peke yake?"

"Hakuna."

Sikumgombeza. Nikaingia ndani nikalala mchana kutwa, nikiwasikia wanazungumza na kucheka barazani, na nikawachukia wote wawili. Naandika hivyo hivyo ilivyokuwa. Ukijikuta unawachukia watu wako kwa sababu wanacheka, ujue si wewe wa kwanza.

Chakula chenyewe kilinishinda. Mchicha usio na chumvi ulinuka majani ya ng'ombe. Nilipomlalamikia nesi, alisema, "Vumilia, mama. Ulimi utazoea. Nipe wiki sita." Nikaanza kuzihesabu.

Kipupwe kilipoingia, mama yangu akaja kuniuguza. Alishuka kutoka kijijini kwetu Mgeta, milimani, juu ya lori la mboga, amekalia kabichi, rozari shingoni na kuku kwapani. Alinitazama mara moja, hakusema nimekonda wala sijakonda, akaenda moja kwa moja jikoni. Akaonja mboga kwenye sufuria yangu, akaitema.

"Nani kakupikia hivi?"

"Mwenyewe. Daktari kakataza chumvi."

"Chakula kisicho na chumvi tunawapikia wazee wetu kwenye tambiko. Chakula cha waliokufa hicho. Wewe umeshakufa?"

"Mama, na hiyo rozari shingoni?"

"Rozari ni yangu na Mungu. Wazee ni wazee."

Nikacheka mpaka nikashika mbavu. Nilikuwa sijacheka tangu wodini. Ningefanya vizuri zaidi kama ningeacha kucheka nikamsikiliza.

Tangu siku ile mama alipika yeye. Aliketi nami sakafuni tukala bakuli moja, mkono wake na wangu, na hakujali jirani gani anachungulia. Nilidhani anajinyima kwa ajili yangu. Wiki ya sita ikafika, na kweli, mchicha ukawa na ladha! Maharage yakawa na ladha! Nilimtangazia kila mtu kwamba nesi alisema kweli, ulimi umezoea. Ule ndio mwezi niliofurahi kuliko yote ya mwaka ule. Nilikuwa na mtu wa kula naye.

Siku ya kliniki nilipanda kwenye mizani nikiwa natabasamu. Nesi akasogeza kile chuma, akakisogeza tena, akashusha miwani.

"Mama, unakula chumvi."

"Chumvi nimeshasahau hata rangi yake."

"Mizani hii haina undugu na mtu. Unakula chumvi."

Daktari aliongeza vidonge. Alinibonyeza miguu, akapima presha mara mbili, akaniambia kwa upole kwamba nikirudi tena nikiwa hivi, pale kwao hawana kingine cha kunipa. Nilielewa. Nilirudi nyumbani nikamweleza Baba Anjela, na yule mtu mpole akabadilika. Alinyanyua godoro, akafungua sanduku langu la khanga, akanusa makopo yote. Anjela alikuwa amesimama pale pale anaona.

"Kama unataka kufa sema," aliniambia. "Sema tujue."

"Sijala! Naapa sijala!"

Mama alikuwa mlangoni, ameshika mwiko. Hakutia neno. Nilidhani amekasirika kwa ajili yangu. Kesho yake Baba Anjela akaondoka kwenda Turiani kwenye kibarua cha kukata miwa, na kwaheri yake aliielekeza kwa Anjela.

Uso ukajaa tena, safari hii bila sifa. Nilianza hata kujiuliza kama sili chumvi usingizini. Kitu pekee nilichokitamani ni cha kutafuna, kitu kinachovunjika kati ya meno, baada ya mboga laini za miezi yote ile. Nikakumbuka kopo la mahindi ya bisi, yale madogo magumu niliyokuwa nikiletewa na mfanyabiashara wa Gairo. Mafuta nimekatazwa, kwa hiyo nikabandika chungu kitupu juu ya jiko nikamwaga mahindi. Yakaungua yote, nyumba ikajaa moshi, mama akakohoa na kunisema. Nikafikiri. Mahindi yale yalikuwa yamekaa miezi mingi, yamekauka mno. Nikanyunyizia mengine maji kidogo sana, nikatikisa kopo, nikalifunga siku mbili. Mara ya pili nikaweka moto wa wastani, mahindi ya kufunika tu kitako cha chungu, sahani juu, nikashika kwa vitambaa nikawa natikisa. Punje moja ikalia. Kisha mbili. Kisha zikafumuka zote kwa fujo mpaka sahani ikanyanyuka. Nilijisikia mzima. Ilikuwa ni kazi yangu ile, na mikono yangu ilikuwa haijaisahau.

Nikazimwaga kwenye ungo. "Lete nikupepetee," mama akasema, akatoka nazo uani kuondoa punje zilizokataa. Akarudi, tukakaa mlangoni penye jua, tukala. Zilikuwa tamu mno! Nikamwambia, "Ona mama, hata bisi kavu sasa zina ladha." Akaitikia kwa kichwa. Tukaendelea kula mpaka ungo ukabaki na maganda.

Katikati ya maganda niliona vichembe vyeupe.

Nilikuwa muuza bisi. Chumvi kwenye mboga inayeyuka huioni, na kwenye bisi za mafuta inanata. Kwenye bisi kavu haina pa kushika, nyingi inaanguka chini. Nikachovya kidole, nikalamba. Nikamnyooshea mama kidole kile.

"Mama, hii nini?"

Mama yangu si mwongo. "Chumvi," akasema.

"Na kwenye mboga?"

"Tangu siku niliyofika. Chembe chache kwanza, kisha nikawa naongeza."

"Mama! Unaniua!"

"Nilikuwa nakulisha kama mtu. Nimezaa sita, nimezika watatu. Wewe uko hapa unanitazama, halafu nikuwekee chakula chao? Mkono wangu ulikataa. Ningekupikia hivyo, ningekuwa mimi ndiye niliyekuaga."

Nilipaswa kuona kwamba mwanamke yule alikuwa akiogopa kuliko mimi. Sikuona. Nilimfikiria Baba Anjela akinusa makopo, nilifikiri juu ya nesi na mizani yake, nikasema, "Basi umefanikiwa. Nenda tu kanichimbie kaburi kabisa."

Asubuhi aliondoka na lori tupu linalorudi Mgeta. Alisema, "Haya, kaa salama," bila kunitazama usoni.

Miezi iliyofuata sina mengi ya kuisimulia. Anjela alienda shule, nami nilibaki na ukuta. Nilikula peke yangu mboga isiyo na ladha, maana ulimi wangu, kumbe, ulikuwa haujazoea kitu. Ilibidi nianze zile wiki sita upya. Mvua za vuli zilipoanza nikaenda kliniki, uzito ulikuwa umeshuka, uvimbe umepungua. "Umeona?" nesi akasema, kama mtu aliyemshika mwizi akatubu. Sikumweleza. Ningemwambia nini, kwamba ni mama yangu? Nikakubali kuwa mwizi.

Baba Anjela aliporudi kutoka Turiani nilimwambia yote. Akasema, "Na mimi nilipekua kitanda chako." Akatoka nje akaanza kupasua kuni, na kuni zilikuwepo za kutosha. Hatukulizungumza tena. Lakini kuanzia Jumapili iliyofuata mboga ya nyumba nzima ilipikwa bila chumvi, na chumvi ikawekwa kwenye kisahani, kila anayeitaka anajitilia upande wake. Nikarudi kwenye sinia. Anjela alikunja uso siku ya kwanza kama amelambishwa kwinini.

Bisi kavu niliendelea nazo. Kwa wewe utakayejaribu: usitie chumvi wala ndimu, ndimu inazilowesha. Twanga mdalasini, au pilipili manga, ule unga unyunyize papo hapo unapofunua chungu, mvuke ungali unatoka, utashika kidogo. Kidogo kinatosha. Nilikuwa nikienda nazo kliniki kwenye kopo. Siku moja baba mmoja dereva wa lori, mgonjwa wa presha, aliyekuwa amekaa nami kwenye benchi tangu asubuhi, akaingiza mkono kwenye kopo langu akachota bila kuuliza ninaumwa nini. Akatafuna, akasema, "Mama, hizi zinatia njaa." Akachota tena. Nilimpenda mtu yule kama ndugu, na jina lake sikuwahi kulijua.

Kwa mama nilituma salamu kila nilipopata lori la Mgeta. Majibu yalikuwa yale yale: salamu zimefika. Hakuniuliza hali. Nilianza kuelewa kwamba ameshanizika, na kwamba mimi ndiye niliyempa ruhusa. Nikiamka asubuhi hilo ndilo lililokuwa likinikalia kifuani, kuliko figo. Niliogopa mmoja wetu atatangulia kabla hatujakaa pamoja tena.

Masika mengine yakapita. Vidonge vikapunguzwa kimoja, kisha kimoja tena. Nesi alinipima, akaangalia daftari langu ukurasa kwa ukurasa, akasema naweza kusafiri, mradi nisipande mlima kwa haraka kama mbuzi. Wiki ile ile nikapanda lori.

Mgeta ilikuwa na ukungu na baridi ya kipupwe. Nilitembea kutoka barabarani kupitia matuta ya kabichi, nikipumzika kila mara. Mama alikuwa jikoni kwake anachambua maharage. Alikuwa amezeeka sana kwa mwaka mmoja tu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akaendelea na maharage.

Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba msamaha njia nzima. Yote yakanipotea. Nikachukua chungu chake, nikachochea moto, nikatoa mahindi kwenye mfuko wangu. Alinitazama mikono muda wote bisi zilipokuwa zinalia. Nikazimwaga kwenye ungo, nikaketi. Nikachukua kikopo chake cha chumvi pale juu ya kichanja, nikakiweka upande wake.

"Nisamehe, mama, kwa lile neno."

Alichukua bisi moja, akaitia mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu.

"Hazina kitu," akasema.

"Hazina, mama."

"Na hiki ndicho unachokula?"

"Hiki. Na mboga za namna hii hii."

"Siku zote?"

"Siku zote, mpaka nitakapokufa."

"Na unaishi."

"Naishi, mama. Si nimekuja kwa miguu yangu?"

Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nilipoingia. Kisha akakichukua kile kikopo cha chumvi, akakifunika, akakiweka nyuma yake.

"Basi sogeza huo ungo," akasema. "Mkono wangu haufiki."